Jimu ya kazini ikiwa karibu na bahari, nani yuwaangalia waya?

Kwetu kazini, hotelini hapa Malindi, tuna jimu ya wafanyakazi. Iko nyuma ya laundri, chumba kirefu chenye madirisha upande wa bahari, na kuziangalia mashine zake ni kazi yetu sisi watu wa matengenezo, ambao tayari tuna ma-AC, mapampu, jenereta na mifereji ya hoteli nzima. Mashine zenyewe zilikuwa za wageni, wageni wakaletewa mpya, hizi zikashushwa kwetu. Sioni ubaya hapo, tredmili, ile mashine ya kukimbilia, ya jimu kubwa imeundwa ikanyagwe na watu wengi kutwa, ikitunzwa inaishi miaka. Ninachotaka kusema ni hiki kimoja na nitakirudia mpaka meneja wa mahali fulani asikie: mashine isiyokuwa na mtu wake kwa jina, mtu ambaye akisema leo haitumiki basi haitumiki, hiyo ni hatari hata kama bado yang'aa.

Na huku pwani hatari inakuja mbio zaidi, sababu ya chumvi. Kitabu kinachokuja na mashine kinakwambia pangusa kila wiki, kagua kila mwezi, lakini aliyekiandika alikuwa anafikiria chumba kikavu chenye AC saa zote. Malindi si hivyo. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, inatoka baharini moja kwa moja, kusi nayo ikiingia Aprili inakuja na mvua na upepo wa nguvu kutoka baharini vilevile, kwa hivyo hakuna mwezi ambao hewa haina chumvi. Na chumvi ikitua juu ya chuma haikai kama vumbi tu, unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi inaanza kunywa maji kutoka hewani yenyewe, inakuwa maji membamba ambayo huyaoni kwa macho, na kutu haitaki zaidi ya hapo. Usiku na alfajiri huku kwetu unyevu unapita hapo mara nyingi. Ndo maana unafunga jimu jioni kila kitu kikavu, unafungua asubuhi unakuta vyuma vimetota.

AC nayo watu wanaifahamu vibaya. Wanaiwasha kwa nguvu jioni watu wakifanya mazoezi, vyuma vinapoa mpaka vinakuwa baridi, kisha anayetoka mwisho anazima na kuacha mlango wazi, hewa ya nje yenye joto na unyevu inaingia inakutana na chuma baridi, na pale pale chuma kinatoa jasho kama chupa ya soda ilotoka friji. Bora uache madirisha wazi na feni izunguke siku nzima kuliko kupoza masaa mawili na kuacha. Au kama mwenye hoteli ana pesa ya stima, aiache AC kwa kiwango cha kukausha hewa na mlango ufungwe. Hiyo ya nusu nusu ndo mbaya kuliko zote.

Kitu kingine ambacho hutakisoma kwenye kitabu chochote cha kiwandani ni maji ya kisima. Visima vingi huku mjini vina maji ya chumvi, kila mtu yuwajua, ukikoga sabuni haitoi povu. Sasa dada wa usafi anapewa ndoo, anachota pale karibu kisimani, anapangusa mashine zote vizuri kabisa, kwa bidii, na kila anapopangusa anaongeza chumvi. Hana makosa, hakuna alomwambia. Maji ya kupangusa mashine yawe ya mfereji, sabuni kidogo tu, kitambaa kikamuliwe, halafu kitambaa cha pili kikavu kifuate nyuma. Dawa ya klorini usiitie kabisa, inakula chuma, hata kile cha stenlesi, na ngozi ya benchi inakakamaa inapasuka. Ikishapasuka jasho linaingia kwenye sponji na halitoki tena, na hapo watu wanaanza kuambukizana choa na majipu. Tena usipulizie maji kwenye skrini ya mashine, pulizia kitambaa.

Halafu kuna msimu ukilala. Wanaofanya kazi za hoteli Malindi wanajua, masika yakiingia wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa, wafanyakazi wanapewa likizo, jimu inafungwa kufuli. Watu wanadhani mashine ikipumzika inapona. Ukweli ni kwamba miezi hiyo ndo inayoimaliza, manake hakuna anayepangusa, hakuna anayezungusha, beringi zimekaa na unyevu mahali pamoja, na wengine kwa nia nzuri wanaifunika kwa plastiki, ambayo inafungia unyevu ndani usitoke. Funika kwa shuka kuukuu la pamba. Na aachwe mtu mmoja hata kama ni askari wa mchana, mara moja kwa wiki afungue madirisha, apanguse, awashe tredmili dakika chache pasi na mtu juu, azungushe baiskeli, avute kila waya taratibu uzito mdogo.

Sasa waya. Hapa nitakaa kidogo.

Zile mashine za kuvuta, za juu na za chini, uzito wote unashikwa na waya mmoja unaopita kwenye roda, yale magurudumu madogo ya kupitishia waya. Aina inayotumika sana imesokotwa kwa mafungu 7, kila fungu nyuzi 19, yaani nyuzi 133 ndani ya kitu chembamba kuliko kidole chako cha mwisho, halafu juu umevikwa ganda la nailoni. Lile ganda linalinda waya, lakini pia ndilo linaloficha. Nyuzi zinaweza kukatika ndani moja moja kwa miezi na wewe kwa nje unaona waya mweusi mzuri. Na chumvi inaingia pale mwishoni, kwenye kichwa cha waya pale unapofungwa na mashine, ganda linapoishia. Maji yakiingia pale hayana njia ya kutoka, kwa hivyo kutu inatambaa ndani ya ganda polepole.

Hotelini nilikokuwa kabla ya hapa, jina tuliache, nilikuwa upande wa friji na AC, na jimu ya wafanyakazi haikuwa ya idara yoyote. Ilifunguliwa tu, watu wakapewa ufunguo. Kijana mmoja wa jikoni alikuwa anavuta ile mashine ya juu baada ya shifti ya usiku, waya ukakatika pale pale kwenye kichwa cha waya, na ile fimbo alokuwa ameivuta kwa nguvu zake zote ikamjia utosini. Akapasuka, akashonwa, alhamdulillahi akapona, angeweza kupoteza jicho au meno. Kesho yake kila mtu akaanza kusema. Dada wa vyumba aliona ganda limechubuka. Weita aliona sehemu imegeuka rangi ya kahawia. Mzee mmoja wa ulinzi, mtu wa makamo, mtaratibu sana, alisema alikuwa akisikia waya ukikwaruza kila ukipita kwenye roda. Nikamuuliza, ami, mbona hukusema? Akanijibu, "Ningemwambia nani, mwanangu?"

Na kweli, angemwambia nani? Matengenezo wangesema jimu si yetu. Ofisi ya wafanyakazi wangesema andika barua. Yeye mwenyewe yuko langoni. Watu kadhaa waliona, kila mmoja akadhani kuna mwenye kujua zaidi yake. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya mbali, jahazi haling'oi nanga kabla ya nahodha kuangalia henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na roda na tanga lake, na ni yeye, hata kama mabaharia ni kumi. Wazee walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, sasa fikiria chombo ambacho hakina nahodha hata mmoja na kimejaa abiria.

Kukagua waya si kazi ngumu. Shusha uzito wote ukae chini, chukua kitambaa cha pamba, kishike waya na ukipitishe polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, usitumie mkono mtupu manake uzi mmoja ulokatika unatoboa kiganja. Kitambaa kikinasa mahali, basi. Angalia ganda lilopasuka, sehemu ilovimba au ilobonyea, kona ambayo hainyooki, rangi ya kahawia karibu na kichwa. Zungusha kila roda kwa kidole, roda isiyozunguka inakuwa msumeno. Ukiona lolote katika hayo waya unatoka siku hiyo hiyo. Usifunge tepu. Na nimeona kwa macho yangu mtu anataka kuunga kwa waya wa klachi ya pikipiki, ati ni chuma hicho hicho, hapana. Waya wa jimu unaagizwa kwa urefu wake na kichwa chake kama kilivyotoka kiwandani, hata ukingoja wiki mbili uletwe kutoka Mombasa au Nairobi. Watengenezaji kadhaa wanataka waya zote zibadilishwe kila mwaka hata kama hazina kasoro, na sisi tulio mita chache kutoka maji ya chumvi hatuna sababu ya kungoja zaidi ya hapo.

Na ile pini ya kuchagulia uzito. Ikipotea watu wanachomeka msumari, bolti, bisibisi. Pini ya mashine ina unene wake na kuna zenye sumaku au kifungo cha kushika, msumari unateleza katikati ya zoezi na vyuma vyote vinashuka. Nunua pini za akiba, bei yake si kitu, na zifunge kwa kikamba kwenye mashine.

Tredmili ina adui wake, mchanga. Watu wanatoka kutembea ufuoni, Silversands kule, wanaingia na viatu vile vile, mchanga unaingia kati ya mkanda na ubao wa chini, unasaga kama msasa. Msuguano ukizidi mota inavuta stima nyingi, bodi ya stima inayoiendesha inapata moto, inaungua, na bodi ndo kitu ghali kuliko vyote mle ndani. Kwa hivyo viatu vya jimu viwe vya jimu. Chini ya mkanda papakwe mafuta ya silikoni yenyewe, usipulize yale mafuta ya kulegeza nati zenye kutu, yanaharibu mkanda. Ukiuinua mkanda pale katikati kwa mkono unatakiwa uinuke sentimita 5 hadi 7 hivi, ukikaza kupita hapo unaua beringi, ukilegea unateleza mtu akikimbia. Ukienda upande, kaza bolti za nyuma robo mzunguko tu, ungoje uone, usiwe na haraka.

Mfuniko wa mota ufunguliwe mara kwa mara, plagi ikiwa imechomolewa, utolewe vumbi na brashi. Chumvi na vumbi mle ndani vinavujisha stima, ile swichi ya usalama inaanza kukatakata, na fundi wa haraka haraka anaiondoa ile swichi ili watu wakimbie. Swichi inakata kwa sababu stima ya volti 240 inatafuta njia ya kwenda ardhini, na mtu mwenye jasho anayeshika chuma ndo njia rahisi kuliko zote. Tredmili iwe na soketi yake yenyewe yenye waya wa athi unaofanya kazi, pasiwe na ekstensheni inayopita chini ya mkeka.

Nyuma yake pia. Kila mtu anataka tredmili itazame bahari, kwa hivyo inasukumwa mpaka mgongo wake unagusa ukuta. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20957, sehemu inayohusu tredmili, kinataka nafasi wazi nyuma, mita 2 kwa urefu. Mtu akijikwaa mkanda unamtupa nyuma, na kama kuna ukuta anabanwa kati ya ukuta na mkanda ambao bado unazunguka, ngozi inaondoka. Mwaka 2021 mwezi wa Mei kampuni ya Peloton kule Marekani ilitangaza tredmili zake za Tread+ kama 125,000 zirudishwe, baada ya mtoto mmoja kufariki na taarifa zaidi ya 70 za watu, watoto, wanyama na vitu kuvutwa chini ya mashine kwa upande wa nyuma. Nalitaja hili manake likizo za shule wafanyakazi wanakuja na watoto, mama yuko laundri, mtoto anazurura, mlango wa jimu uko hatua mbili. Mlango ufungwe. Na ile klipu nyekundu yenye kikamba, ambayo unaibana kwenye nguo ili ukianguka mashine izime, hiyo ibanwe kila mara, na ikikatika mashine isitumike mpaka ipatikane nyingine, wasiweke sumaku ya friji pale ili iwake.

Nguo nazo nizitaje kwa heshima. Dada zetu wengi wanafanya mazoezi na buibui au dira na mtandio, na wana haki yao ya kufanya hivyo, sitaki kusikia mtu akisema wavue. Kinachotakiwa ni baiskeli iwe na mfuniko wake kamili juu ya cheni na lile gurudumu zito la mbele, manake lile gurudumu katika baiskeli nyingi halisimami ukiacha kukanyaga, linaendelea na kasi yake, likishika pindo linavuta. Ncha za mtandio ziingizwe ndani. Na wapewe saa zao maalum, watakuja na nguo za kubana kidogo bila wasiwasi, hilo linasaidia usalama kuliko mabango kumi. Kwenye baiskeli hiyo hiyo, kanyagio ya kushoto inafunguka kinyume, ukiilazimisha kama ya kulia unaharibu mkono mzima wa kanyagio.

Dambeli: shika vichwa viwili ujaribu kuzungusha, ikicheza iweke kando. Mipira ya kuvuta isikae dirishani, jua linaila, inapasuka usoni. Miguu ya benchi ni mabomba matupu, hewa ya chumvi inaingia kwenye matundu ya bolti na kutu inaanzia ndani, kwa hivyo rangi ikivimba karibu na weldi usipake nyingine juu, gonga na spana usikilize kama chuma kinalia imara au kinatoa sauti dhaifu kama bati.

Kuna mameneja wanafikiri jimu ya wafanyakazi ni zawadi, na zawadi haiulizwi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke na kutunza mitambo iwe salama, na mashine ilo ndani ya ua la hoteli mimi siwezi kuiona kama kitu cha nje ya hapo. Sheria hiyo inataka kamati ya usalama pakiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Mkaguzi akija anaonyeshwa jiko, bohari ya gesi, chumba cha pampu. Mpelekeni na jimu. Na mfanyakazi akiripoti hatari kubwa hafai kurudishwa pale kabla haijarekebishwa, hilo nalo limo.

Utaratibu tulonao sasa kwetu ni mdogo. Kila mashine ina namba, na kila namba ina mtu wake kutoka idara tofauti, jina lake limebandikwa pale pale, wa jikoni ana zake, wa bustani ana zake. Yeye hatengenezi, yeye anaangalia, na ana ruhusa ya kuifunga bila kumuuliza mtu. Kuna daftari limefungwa kwa uzi mlangoni, tarehe, namba, ulichoona, sahihi. Na kufunga mashine si kubandika karatasi ya "usitumie", karatasi watu wanaitoa au feni inaipeperusha, kufunga ni kutoa pini, kuchomoa waya wa stima ukaupeleke ofisini, kufungua benchi na kuligeuza juu chini. Usiku watu wanakuja peke yao baada ya shifti, Ramadhani wanakuja baada ya tarawehe, hakuna wa kuwakumbusha, kwa hivyo mashine mbovu isiwezekane kutumika hata na ambaye hajui kusoma.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunabishana kazini. Mashine ikishamaliza umri wake mara nyingi hoteli inataka kuwapa vijana wa mtaani, Maweni au Muyeye au Kisumu Ndogo, na picha zinapigwa. Vijana hawa wana jimu zao, vyuma vilochomelewa na mafundi wa jua kali na saruji kwenye mikebe ya rangi, na nyingi nilizoziona zinatunzwa kuliko zetu, sababu mwenyewe yuko pale kutwa, anaona kila kitu. Sasa unampelekea mashine ya kuvuta ambayo mabomba yake yameoza ndani, imepakwa rangi mpya, yeye anaiamini manake imetoka hoteli kubwa. Msimamo wangu ni kwamba kinachotoka kwetu kiwe kizima, kimekaguliwa, kina waya mpya na namba ya pale waya unapoagizwa. Kama fremu imeoza tunaikata vipande na grainda hapa hapa, tunawapa vile vyuma vya uzito, roda nzuri na fimbo, na fremu inakwenda kwa mnunua vyuma chakavu. Meneja anasema picha haitapendeza. Nimemwandikia, nangoja jibu, na ile mashine namba 4 iko karakana, haina waya.